Kimya cha Mamdogo Riziki

Msichana akiulizwa mbele ya mashahidi kama ameridhia kuolewa, naye akanyamaza, amesema nini? Nina shahada ya chuo kikuu, nina mvi zinazoanza kunizoea, na mimi mwenyewe nimeolewa. Swali hilo bado sijalipatia jibu. Wazee wetu walikuwa na jibu lao: kimya cha mwanamwali ndicho kibali chake, kwa kuwa haya humzuia kusema. Riwaya nazo zina jibu lao. Mimi nilikuwapo siku ambayo majibu hayo mawili yaligongana ndani ya chumba kimoja, nimelala kifudifudi chini ya kitanda cha kamba, nimekumbatia dumu la maji.

Swali limerudi kwa sababu ya usomaji wangu wa siku hizi. Nimekuwa nikisoma riwaya za mapenzi mfululizo, moja ikiisha naifungua nyingine, kama mtu anayekula korosho. Chuoni nilifundishwa kuzitazama hadithi za namna hii kwa jicho la pembeni, na kwa miaka mingi nilitii. Sasa nazisoma waziwazi, wala simfichi mtu. Ya kwanza ilikuwa ya daktari wa kike aliyechaguliwa mume na baba yake. Ya pili, ya mjane wa Tanga anayeuza vitambaa, aliyependwa na kijana mdogo kwake kwa umri. Ya tatu nilikuwa naipokea kwenye simu, sehemu baada ya sehemu, na kila sehemu hukatwa mahali ambapo roho iko juu. Zote tatu zilinifurahisha, na zote tatu zilinikera kwa jambo lilelile. Katika kila moja hufika mahali mwanamke anaulizwa neno zito, naye ananyamaza. Hapo mwandishi hana subira. Anawasha taa, anaingia kifuani mwa yule mwanamke, kisha anatoka kututangazia alichokiona: moyo ulikuwa unasema hapana, au moyo ulikuwa unasema ndiyo na machozi yalikuwa ya furaha. Msomaji anashusha pumzi. Mimi sishushi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimejilaza juu ya mkeka sebuleni kwangu, hapa Kilindoni, nikisoma sehemu ya mwisho. Nilinyoosha mkono kuitafuta bilauri bila kuondoa macho kwenye simu, nikaiangusha. Maji yakaingia katika mkeka, na mkeka ukatoa harufu yake: miyaa iliyolowa, na nyuma yake, kwa mbali sana, rangi iliyochemshwa. Nilikaa kitako. Mkeka ule ni mkongwe kuliko ndoa yangu. Ulisukwa kijijini Kanga, uani kwa babu yangu, na wanawake waliokuwa wakisomewa kitabu.

Wenzangu wa rika langu mliokulia vijijini mtakumbuka vile vitabu visivyo na jalada, vilivyopita mikono mingi hata kurasa zikawa laini kama kitambaa. Kitabu cha mapenzi kilifika Kanga kimefungiwa sabuni. Mamdogo Riziki, mdogo wake mama, alikikunjua, akakikausha, akakishona mgongo kwa uzi wa kushonea mikeka. Pale uani yeye peke yake ndiye aliyesoma bila kukwama. Wenzake walisuka ukili, ile mikanda ya miyaa inayoshonwa kuwa mkeka, huku wakimsikiliza, na kwa kuwa msomaji mikono yake imeshika kitabu, kila mmoja alimsukia kipande, ili naye mwisho wa msimu apate mkeka wake. Basi mkeka wa Mamdogo ulishonwa kwa ukili wa mikono ya watu wote. Ukipitisha kiganja juu yake unazisikia sura za kitabu. Penye mambo ya kawaida, ukili ni mlegevu. Penye hatari, wanawake walivuta miyaa kwa nguvu bila kujijua, na hapo umekaza kama ngozi ya ngoma.

Nyumba ya babu ilikuwa karibu na pwani. Nyuma ya ua wa makuti, msimu ule, fundi mmoja kutoka kisiwa cha Jibondo alikuwa akitengeneza chombo cha watu. Aliitwa Fundi Shomari. Sisi watoto tulimjua kwa harufu ya sifa, mafuta ya papa aliyopaka mbao, na kwa mlio wa nyundo yake ya kalafati alipokuwa akishindilia pamba kwenye nyufa: tok, tok, tok. Mamdogo alisoma kwa sauti ya kuvuka uani, kwa sababu Bibi yangu alikuwa mzito wa masikio. Na nyakati fulani, alipofika katikati ya ukurasa, nyundo ya kule nje ilinyamaza. Mimi niliamini fundi anapumzika. Nilimwonea huruma, mtu mzima anayechoka upesi hivyo.

Katika kitabu kile, binti wa tajiri anaitwa mbele ya baba yake na kuulizwa kama anamtaka mchumba aliyeletewa. Nakumbuka siku tulipofika hapo, kwani chungu cha rangi nyekundu kilikuwa jikoni na mvuke wake ulituwasha macho.

"'Hakujibu,'" alisoma Mamdogo. "'Aliinamisha uso, na moyoni mwake akasema: kamwe!'"

Bi Hidaya, jirani yetu, aliyekuwa somo na kuwafunda wasichana wengi pale kijijini, alitema kipande cha mwaa alichokuwa akikichana kwa meno. "Sasa si aiseme hiyo kamwe kwa mdomo? Moyo unasikiwa na nani?"

"Mwanamwali hasemi, Hidaya," Bibi alimjibu. "Wewe ulisema?"

"Mimi nilicheka, dada. Wakasema, huyo kacheka, karidhia. Kumbe nimemwona nzi anamtembelea shahidi puani!"

Wanawake walicheka hadi ukili ukawaponyoka. Mamdogo hakucheka. Aliusoma ule mstari tena, safari hii taratibu, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukikata. Kisha akafunga kitabu, akasema macho yanamuuma. Mimi niliuweka ule mstari kichwani kama aya ya madrasa. Anayenyamaza, hataki. Kitabu kimesema, na kwetu kilichoandikwa hakikubishiwa na mtoto.

Haukupita muda, posa ikaja kutoka Jibondo. Fundi Shomari alimleta kaka yake na wazee wawili, wakazungumza na Babu barazani, na sisi wa ndani tukaambiwa posa imepokewa. Kuanzia hapo Mamdogo aliacha kutusomea. Wanawake walimbembeleza: walitaka kujua yule binti wa tajiri alitoka vipi katika mtego wake. Mamdogo alijibu kwamba atamaliza, wasiwe na haraka. Alisuka ukili wake mwenyewe, kimya, na aliusuka vibaya. Kule pwani chombo kilikwisha kushushwa majini, wala nyundo haikusikika tena.

Hofu yangu ilianzia kwenye maji. Bi Hidaya, kwa mzaha wake, alisema watu wa Jibondo wana adabu sana, mgeni akibisha hodi haulizwi jina, huulizwa, "Umekuja na maji yako?" Watu wazima walijua kwamba kisiwa kile ni kikavu na maji yake huletwa kwa chombo. Mimi nilielewa kuwa asiye na maji yake hufa kwa kiu huko, harudi. Nikatafuta dumu, nikalisuuza kwa mchanga, nikawa nalijaza kata kwa kata kutoka kisimani na kulificha chini ya kitanda cha Mamdogo. Kila jioni nilimtazama usoni kutafuta dalili za binti wa kitabuni, na kila jioni niliziona. Hakula vizuri. Alishtuka akiitwa. Alikaa akitazama ua wa makuti kana kwamba kuna mtu upande wa pili.

Siku ya ndoa watu wa Jibondo walivuka kwa chombo, kisha wakafika kwetu na lori lililokuja kuchukua nazi, lori ambalo lingerudi kesho yake asubuhi. Uani masufuria ya pilau yalikuwa yanatokota. Mimi nilikuwa chini ya kitanda nikiongeza kata ya mwisho, nikasikia viatu vinavuliwa mlangoni, nikabaki hukohuko. Pazia lilishushwa. Upande wa nje alisimama Babu, aliyekuwa mwalimu wa madrasa na mkali wa sheria, pamoja na mashahidi wawili. Upande wa ndani alikuwapo Bi Hidaya, na Mamdogo amekaa kitandani. Nilichokiona mimi kilikuwa miguu yake tu, na hina mpya.

"Riziki," sauti ya Babu ilisema, "mimi ni baba yako na walii wako, na mashahidi wanasikia. Fundi Shomari wa Jibondo amekuposa. Unaniwakilisha nikuozeshe?"

Kimya. Nilisikia kuni zikilia uani.

Babu akauliza tena, kwa maneno yaleyale. Vidole vya miguu ya Mamdogo vilijikunja, vikashika sakafu kama vya mtu anayesimama kwenye utelezi.

Akauliza mara ya tatu. Kimya.

"Kanyamaza, Mwalimu," alisema Bi Hidaya, na nilimsikia akivuta pumzi ya kupigia vigelegele. "Mwanamwali kanyamaza. Kibali hicho."

"Hataki!" Nilitoka chini ya kitanda na vumbi usoni. "Kanyamaza, maana yake hataki! Kitabuni ndivyo ilivyo! Mwachieni, hataki!"

Kelele za uani zilikatika. Bi Hidaya alinikamata mkono. "We Tatu! Umetumwa na nani? Nani kakutia maneno hayo mdomoni?"

"Mwache mtoto." Babu hakupandisha sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Kitabu gani?"

Shahidi mmoja alisema polepole kwamba mtoto ni mtoto, Mwalimu, kimya cha mwali kinatosha. Babu akasema kinatosha pasipo shaka, na sasa shaka imeingia; yeye hafungi ndoa juu ya shaka, awe binti yake, awe wa sultani. Kisha akalikaribia pazia hata kivuli cha kofia yake kikaonekana.

"Riziki. Hapana aibu sasa. Sema."

Nilimtazama Mamdogo. Uso wake ulikuwa umefunikwa kwa mtandio, na mtandio ulikuwa unapanda na kushuka.

"Baba," alisema, "niulize kesho asubuhi."

Maneno hayo yalitoka ndani yakapita barazani kama moto katika makuti. Kaka yake Fundi Shomari alisimama. "Mwalimu, tumekuja na watu wetu. Turudi tukaseme nini? Kwamba bwana harusi kazuiwa na kitoto?"

"Pilau italiwa," alijibu Babu. "Ndoa itangoja. Malazi yapo."

Pilau ililiwa, kweli, lakini ililiwa kama chakula cha matanga. Wanawake waligawanyika. Wengine walisema Riziki amejaa vitabu kichwani, sasa vinamwagika. Bibi alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akamwambia binti yake bila kumtazama, "Utatuvua nguo mbele ya watu wa Jibondo. Kama humtaki ulikuwa na siku zote hizi za kuniambia mimi, mama yako." Hata Bi Hidaya alikosa mzaha. Kila aliyepita alijua kwamba asubuhi msichana atasema hapana, na kwamba baada ya hapana ile hakutakuwa na mtu wa kuja kubisha hodi kwa ajili yake, maana nani atamposa mwanamke aliyewarudisha watu na lori?

Alasiri ile nilimfuata nyuma ya nyumba, penye mtungi. Nilitaka aniambie nimefanya vyema.

"Mamdogo, humtaki, sivyo?"

"Nani kakwambia?"

"Kitabu. Yule binti alinyamaza, na moyoni akasema kamwe."

Aliweka kata juu ya mtungi. Halafu akasema jambo ambalo sijalisoma katika riwaya yoyote, na wala hakuna mhadhiri aliyewahi kunifundisha. "Kitabu kile kaandika mwanamume, Tatu. Yeye kajuaje ya moyoni?"

"Basi yule binti alitaka?"

"Sijasema alitaka."

Wakati huo, kutoka pwani, ikasikika: tok, tok, tok. Bwana harusi alishindwa kukaa barazani kutazamwa na watu. Alikuwa amekunja kanzu yake na kwenda kumsaidia mvuvi mmoja kuziba ngalawa. Mamdogo aliinua kichwa. Alikichukua kitabu kutoka chini ya upande wa kanga yake, akakifungua penye ukurasa uliokunjwa ncha, akajiweka sawa kama anayetaka kuanza kusoma. Nilingoja. Midomo yake ilifunguka. Nje nyundo iliendelea, tok, tok, bila kupumzika. Akakifunga kitabu, akaingia ndani.

Nimekuwa mtu mzima nikiirudia dakika ile. Msomaji wa riwaya aliye ndani yangu anajua la kufanya nayo: nyundo iliyokuwa ikinyamaza ili masikio yasikie, sauti iliyopandishwa zaidi ya mahitaji ya masikio ya Bibi, ua wa makuti katikati, hayo ni mapenzi, yangetosha kurasa mia. Lakini mimi niliviona vile vidole vya miguu. Mtu anaweza kumpenda mtu na bado akaogopa kisiwa kikavu. Anaweza pia asimpende hata kidogo, akapenda tu kusikilizwa. Nikiwa chuo kikuu nilivuka kwenda Jibondo likizo moja, nikamkuta Mamdogo ana watoto wakubwa, akiparua samaki. Nilimuuliza waziwazi: siku ile ya kwanza, uliponyamaza, ulikuwa unasema nini? Kisu kilisimama. Magamba yalikuwa yamemganda mkononi hadi kiwiko. Alinitazama hata nikaona haya kwa kuuliza, halafu akasema, "Umekunywa maji, mwanangu?" na kisu kikaendelea. Amefariki mwaka huu, Mungu amrehemu, na jibu amekwenda nalo. Ndiyo sababu sasa, mwandishi anapoingia na taa yake kifuani mwa mwanamke aliyenyamaza, natamani kumshika shati.

Asubuhi ile dereva wa lori alianza kupiga honi mapema. Nazi zilikwisha kupakiwa. Alisema hangoji ndoa ya mtu. Pazia lilishushwa tena. Safari hii nilisimamishwa wima pembeni, na kiganja cha Bi Hidaya kimenifunika mdomo; kilikuwa na harufu ya rangi na vitunguu. Uani wanawake wote walikuwa wamesimama, hapana aliyejifanya kushughulika na chochote. Bibi alikuwa ameshika nguzo ya mlango.

"Riziki," alisema Babu, na sauti yake ilikuwa imechakaa kwa usiku mmoja. "Mimi ni baba yako na walii wako, na mashahidi wanasikia. Ukisema hapana, ni hapana, na mwenye maneno aniletee mimi. Fundi Shomari wa Jibondo amekuposa. Unaniwakilisha nikuozeshe?"

Honi ililia. Mamdogo alinyamaza. Alinyamaza kiasi cha Bi Hidaya kulegeza kiganja chake, kiasi cha mimi kuamini kuwa kitabu kimeshinda, kiasi cha mtu mmoja huko barazani kukohoa. Kisha akasimama, akafunua mtandio, akalisogeza pazia kando kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mwali halifanyi.

"Baba, nimeridhia," alisema. Alisema kwa sauti ile ya kusomea, sauti ya kuvuka uani na ua wa makuti na kufika ilikotaka kufika. "Nimesema mimi. Mashahidi wasiseme nimenyamaza."

Vigelegele vilichelewa. Bibi ndiye aliyeanza, na alianza huku akilia. Babu alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, akajifuta uso kwa kanzu, kisha akaita wanaume waje. Ndoa ilifungwa dereva akiwa ameacha injini inaunguruma.

Mamdogo alipotoka na vitu vyake, alivuta dumu langu kutoka uvunguni. Sikumwambia mimi kwamba liko pale. Nadhani alilijua tangu kata ya kwanza. Ule mkeka aliosukiwa na watu wote aliukunja, akaniwekea begani. "Na huu?" alilalamika Bi Hidaya. "Utalalia nini huko?" Mamdogo akamjibu kwamba wajenzi wa vyombo hawakosi mbao. Kitabu alikifunga ndani ya kanga yake ya pili.

Walimpandisha mbele, kando ya dirisha, na mumewe akapanda nyuma juu ya nazi pamoja na kaka yake. Lori lilipoanza kusogea, wanawake walilikimbilia, na nilidhani wanakimbia kwa majonzi. Bi Hidaya alikuwa mbele yao wote, ameshika leso kichwani isianguke.

"Riziki! We Riziki! Na mwisho wake je? Yule binti aliolewa au hakuolewa?"

Mamdogo alilipakata dumu langu la maji, akatutazama sote, akanyamaza.